Hashimoto, tabibu wa tezi ya shingo

Mkazi wa Mukuru kwa Reuben anayewashwa na vipele kwa zaidi ya wiki sita huenda akalaumu maji au sabuni, kumbe mara nyingine vipele hivyo huandamana na ugonjwa wa tezi ya shingo uliofichuliwa na Hakaru Hashimoto.

Alizaliwa Japani mwaka 1881. Mwaka 1912 alieleza tezi za wanawake wanne zilizojaa chembechembe nyeupe. Alisoma zaidi Ujerumani, kisha akarejea kwao kuwa daktari wa kawaida. Homa ya matumbo, isiyo ngeni Mukuru, ilimuua mwaka 1934.

Mwaka 1956, watafiti wa London waligundua kingamwili zinazolenga tezi ya mgonjwa mwenyewe. Basi vipele visipokoma, muulize daktari kuhusu kupima tezi.