Meno ya George Washington

Wasomaji wenzangu, yeyote aliyepata kuishika noti ya dola moja ya Marekani ameuona uso wa George Washington, Rais wa kwanza wa nchi ile. Midomo imefumbwa kabisa, wala hakuna hata dalili ya tabasamu. Wengi hudhani ni ukali wa jemadari. Mimi nimezisoma habari zake, na leo nataka kuwasimulia maisha yake kwa upande ambao vitabu vya historia huupita mbio, yaani upande wa meno yake. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi tutaona kinywa kile kiliundwa kwa nini, na kwa gharama ya nani.

Washington alizaliwa tarehe 22 Februari, 1732, katika Virginia, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikufa mwaka 1743, naye mtoto wa miaka 11 akarithi shamba pamoja na watumwa kumi. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake aliishi kwa jasho la watumwa. Naomba mlishike neno hili, maana tutalirudia.

Alikua kijana mrefu, mwenye nguvu, na hodari sana wa kupanda farasi. Lakini meno yake yalianza kuharibika mapema. Mwaka 1756, akiwa na miaka 24 tu, alimlipa daktari shilingi 5 amng'oe jino. Baada ya hapo yakawa yanatoka moja baada ya jingine. Msidhani kwamba alikuwa mvivu wa kupiga mswaki. La, daftari zake zaonyesha kwamba alinunua miswaki na unga wa kusafishia meno. Hata hivyo barua zake zimejaa habari za maumivu ya meno na uvimbe wa ufizi.

Mwaka 1775 Wamarekani walipoanza kupigana na Waingereza, Washington alichaguliwa kuwa Jemadari Mkuu. Hata vitani meno hayakumpa nafasi ya kupumua. Mwezi wa Mei, 1781, alimwandikia daktari wake wa meno, John Baker, aliyekuwa Philadelphia, akiomba apelekewe chombo cha kukwangulia meno, kwa kuwa hakutazamia kufika mji huo karibuni. Barua hiyo ilikamatwa njiani na Waingereza. Wako wanahistoria wanaofikiri kwamba iliwasadikisha adui kuwa Washington hana nia ya kwenda kusini. Basi, miezi michache baadaye alikwenda kusini kweli, na tarehe 19 Oktoba, 1781, jeshi la Waingereza likasalimu amri huko Yorktown.

Sasa nafika katika sehemu iliyonifanya nichukue kalamu. Siku hizo tajiri wa Ulaya au Marekani aliyepotewa na meno ya mbele, akitaka uso wake upendeze tena, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupandikizwa jino lililong'olewa wakati ule ule katika kinywa cha mtu mwingine. Ya pili ni kutengenezewa meno ya bandia. Mara nyingi njia zote mbili zilitaka meno ya watu, na waliouza meno yao walikuwa maskini, kwa sababu ya shida.

Daktari mmoja Mfaransa, Jean-Pierre Le Mayeur, alisifika kwa kazi ya kupandikiza, na alitangaza magazetini kwamba ananunua meno. Alimtibu Washington pia. Katika daftari la hesabu za shamba la Mount Vernon, mwezi wa Mei, 1784, imeandikwa kwamba zililipwa paundi 6 na shilingi 2 kwa watu weusi, kwa ajili ya meno tisa, kwa hesabu ya daktari huyo. Bei hiyo haikufika hata theluthi moja ya ile iliyotangazwa magazetini. Majina ya wenye meno hayakuandikwa. Malipo yalitolewa, ni kweli. Lakini mtumwa angewezaje kumkatalia bwana wake?

Tarehe 30 Aprili, 1789, Washington aliapishwa kuwa Rais katika mji wa New York. Siku hiyo kinywani mwake lilikuwa limebaki jino moja tu. Daktari John Greenwood alimchongea meno ya bandia kwa pembe ya kiboko, akatia humo meno ya watu, na kuacha tundu la kupitisha jino lile moja. Wengi wameambiwa kwamba meno yake yalikuwa ya mti, lakini si kweli. Sisi wa Uganda tuwaonao viboko wakipiga miayo katika Mfereji wa Kazinga twaweza kufahamu ukubwa wa pembe hizo. Kiboko hana kwao ila Afrika. Basi kitu cha bara letu kilikuwamo kinywani mwa Rais yule siku zote.

Meno hayo yaliunganishwa kwa springi zilizosukuma taya zifunguke, hata ikambidi kuyauma kwa nguvu ili kinywa kifumbe. Yalimwumiza, na yaliisukuma midomo nje. Alimwandikia Greenwood mara kwa mara kulalamika juu ya hilo. Mwaka 1798 daktari alimjulisha kwamba seti moja imegeuka nyeusi kwa sababu ya mvinyo. Jino lake la mwisho lilitoka mwaka 1796, mwaka ule ule ambao Gilbert Stuart alichora picha iliyotumika baadaye katika noti ya dola. Sasa mwaelewa kwa nini midomo ile imekazwa.

Washington alikufa tarehe 14 Desemba, 1799. Katika wasia wake aliagiza kwamba watumwa 123 waliokuwa mali yake waachwe huru mkewe Martha atakapokufa. Martha hakungoja, akawaacha huru tarehe 1 Januari, 1801. Jambo hilo tumhesabie kuwa jema, ingawa lilichelewa.

Siku hizi mwenye pengo hutengenezewa jino la plastiki au la kauri, wala hapana mtu anayeng'olewa lake. Mimi sioni ubaya wa mtu kutaka kucheka bila kuziba kinywa kwa kiganja. Rais yule naye alikuwa mwanadamu kama sisi. Lakini kila nitakapoiona noti ile nitawakumbuka wale wa Mount Vernon waliotoa meno tisa. Uso wa bwana wao wajulikana dunia nzima, na wao hata majina yao hatuna. Ndugu zangu, tusomapo maisha ya wakuu, tuulize pia habari za wale waliokuwa chini yao.