Patrick Manson: mwalimu aliyekosolewa na wanafunzi wake, na dunia ikapona

Ukilala ndani ya neti leo usiku, kuna wazee wawili wa kushukuru. Ronald Ross huenda ulimsikia shuleni, yule aliyegundua kwamba malaria huletwa na mbu. Wa pili ni Patrick Manson, na huyu watu wengi hawamjui. Kama wewe ni daktari mwanagenzi na unaota kufanya kazi ya afya katika nchi za mbali, msome huyu. Hata kama mambo ya dawa si yako na unatafuta tu mtu wa kukushika mkono kwenye kazi yako, kaa hapo, inakuhusu.

Manson alizaliwa Scotland mwaka wa 1844. Alipomaliza udaktari hakukaa nyumbani. Mwaka wa 1866 alienda Formosa, ambayo leo ni Taiwan, kuwa daktari wa idara ya forodha ya China, kisha akahamia Amoy. Huko alikutana na matende, ugonjwa ule wa kuvimba miguu unaojulikana vizuri hata Pwani yetu. Hakuwa na maabara ya maana wala profesa wa kumuuliza. Alikuwa na hadubini na maswali tu. Mwaka wa 1877 aliona kwamba minyoo ya matende hukua ndani ya mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa. Hiyo ilikuwa habari mpya kabisa duniani.

Lakini alikosea mahali. Aliamini kwamba mbu huuma mara moja tu, anafia majini, halafu watu wanakunywa yale maji na kuambukizwa. Kumbuka hiyo, tutairudia.

Mwaka wa 1887, akiwa Hong Kong, alisaidia kuanzisha chuo cha udaktari cha Wachina na kuwa mkuu wake wa kwanza. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Sun Yat-sen, ambaye baadaye aliongoza mapinduzi ya China. Mwaka wa 1896 Sun alikamatwa na kufungiwa ndani ya ubalozi wa China jijini London. Waliokimbia huku na huku hadi akaachiliwa ni walimu wake wawili wa zamani, James Cantlie na Manson. Fikiria ni mwalimu yupi wako angekufanyia hivyo.

Sasa njoo kwa Ross. Mwaka wa 1894 alikuwa daktari wa jeshi nchini India, amekuja London likizoni. Alikuwa na miaka 37, anapenda kuandika mashairi, na haamini kwamba malaria husababishwa na vimelea kwenye damu. Manson hakubishana naye. Alimkalisha kwenye hadubini akamwonyesha vimelea vyenyewe. Kisha akampa wazo lake kubwa: huenda mbu ndiye anayebeba malaria, kama alivyoona kwenye matende. Angeweza kulificha wazo hilo alifanyie kazi mwenyewe, lakini yeye alikuwa London na malaria ilikuwa India. Akampa kijana.

Kuanzia 1895 wawili hao waliandikiana barua zaidi ya 100. Ross alijaribu lile wazo la maji, halikuzaa kitu. Wakubwa wake wakamhamishia Bangalore kupambana na kipindupindu. Alichoka, akalalamika, akataka kuacha. Manson alijibu barua, akampa moyo, na akabisha milango ya serikali London ili Ross apewe muda wa kufanya utafiti. Tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, Ross aliviona vimelea kwenye tumbo la mbu. Mwaka uliofuata, akitumia ndege, alionyesha kwamba vinapita kwenye mate ya mbu anapouma. Yaani ni kuumwa, si maji. Mwalimu alikuwa amekosea, na ni yeye mwenyewe aliyesimama mbele ya madaktari wa Uingereza mjini Edinburgh kutangaza kazi hiyo ya Ross.

Haikuishia hapo. Mwaka wa 1899 Manson alianzisha shule ya magonjwa ya kitropiki jijini London. Tusidanganyane, ilifunguliwa kwa msaada wa Wizara ya Makoloni, na shida yao ya kwanza ilikuwa afya ya Wazungu waliotumwa kututawala. Sisi tulikuja nyuma kwenye orodha. Lakini mwaka wa 1900 mwanafunzi wake, George Carmichael Low, ambaye Manson mwenyewe alimtuma Ulaya kujifunza mbinu mpya, aliikuta minyoo ya matende kwenye mdomo wa mbu. Kwa mara ya pili nadharia ya maji ilivunjwa, na aliyeivunja alikuwa kijana wake mwenyewe. Mwaka huohuo mwanawe Manson, aliyekuwa akisomea udaktari, alijitolea kuumwa na mbu walioletwa kutoka Italia. Akapata malaria pale London.

Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1902. Manson hakupewa. Baadaye Ross alimgeuka, ugomvi ukafika hadi kwa mawakili. Manson alifariki mwaka wa 1922. Shule yake ipo hadi leo, na madaktari wengi wa Afrika wamepitia pale.

Kwa hivyo wewe unayetafuta mlezi wa kazi, usiangalie tu mwenye jina kubwa. Angalia anayejibu ujumbe wako siku umekata tamaa, anayekupa wazo zuri bila kulibania, na ambaye ukimwonyesha amekosea, hakukasirikii. Na siku ukipata Nobel yako, usimsahau.