Mfalme Ashoka

Katika wafalme wote waliotawala Bara Hindi hapo kale, hapana aliyevuma kuliko Ashoka. Wengi walisifiwa kwa nchi walizoziteka. Ashoka naye aliteka nchi, lakini sifa yake kubwa ni kwamba aliijutia vita aliyoishinda.

Babu yake, Chandragupta Maurya, alianzisha ufalme yapata mwaka 321 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mji mkuu ulikuwa Pataliputra, kando ya mto Ganges, mahali ulipo leo mji wa Patna. Baada yake alitawala mwanawe Bindusara, na baada ya Bindusara akatawala Ashoka, yapata mwaka 268. Wakati huo ufalme ulikuwa umeenea tangu nchi iitwayo leo Afghanistan mpaka sehemu za kusini ya India. Lakini Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki, ilikuwa bado haijatiwa mkononi.

Alipokuwa ametawala miaka minane, Ashoka aliishambulia Kalinga, akaishinda. Watu 100,000 waliuawa, 150,000 walihamishwa kwao, na wengine wengi kupita hao wakafa. Hesabu hii haikutoka kwa adui zake, bali yeye mwenyewe aliamuru ichongwe katika mawe. Wafalme wengine walihesabu maiti kwa majivuno. Ashoka alizihesabu kwa huzuni. Tena alitaja majonzi ya wale waliosalimika, kwa sababu ya rafiki na jamaa zao waliopatwa na msiba.

Tangu hapo alishika kwa bidii mafundisho ya Buddha, aliyeishi zamani katika nchi hiyo hiyo. Akachongesha amri zake juu ya majabali na nguzo za mawe, pande nyingi za nchi, ili raia wazijue. Aliwataka watu wawatii wazazi wao, waseme kweli, na wawatendee mema watumwa na watumishi. Alipanda miti ya kivuli njiani, akachimba visima, akaleta mitishamba ya kuwatibu watu na wanyama. Jikoni kwake walikuwa wakichinjwa wanyama maelfu kwa maelfu kila siku. Akawapunguza wakawa watatu tu: tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si siku zote.

Bara Hindi lilikuwa na dini nyingi. Walikuwapo Mabrahmani, wafuasi wa Buddha, Wajaini, na watawa walioitwa Ajivika. Ashoka hakuwalazimisha watu kuifuata dini yake. Hao Ajivika hawakuwa wa dini yake, lakini aliwapa mapango katika vilima vya Barabar wapate makao. Alifundisha kwamba mtu anayeitukuza dini yake kwa kuidharau ya mwenziwe, huidhuru ile ya kwake mwenyewe.

Je, Ashoka hakuwa na ila? Alikuwa nayo. Kalinga hakuirudisha kwa wenyewe. Adhabu ya kifo hakuiondoa, ila aliwapa waliohukumiwa muda wa siku tatu. Tena yako majabali mawili katika nchi ya Kalinga yenyewe, moja huko Dhauli na moja huko Jaugada. Katika hayo, yale maneno ya majuto hayamo. Mahali pake yamo maagizo kwa wakuu wa nchi, kwamba watu wote ni kama watoto wa mfalme, na kwamba wasifungwe wala kuteswa bila haki. Agizo hilo ni jema, lakini toba ya mfalme ilisomwa mbali, na wale aliowaumiza hawakuisoma. Labda hakutaka kuwakumbusha msiba wao. Labda aliona haya.

Ashoka alifariki yapata mwaka 232, na ufalme wake ukaanguka miaka 50 hivi baadaye. Herufi za mawe yake zikasahauliwa kabisa, hata mwaka 1837 Mwingereza James Prinsep alipofaulu kuzisoma. Hata hivyo mawe mengi yalimtaja kwa lakabu tu. Mwaka 1915 likapatikana jiwe huko Maski lenye jina lake. India ilipopata uhuru mwaka 1947, iliweka katika bendera yake gurudumu linalotoka katika nguzo ya Ashoka ya Sarnath, na mwaka 1950 simba wa nguzo hiyo wakawa nembo ya taifa.

Wanafunzi wenzangu, katika bweni moja twalala watu wa dini mbalimbali, na ugomvi mdogo haukosi. Na tujifunze kwa Ashoka kuiheshimu dini ya jirani, na kukiri makosa hata tukiwa ndio washindi. Lakini tumpite katika jambo moja: mwenye kujuta na aende kwanza kwa yule aliyemkosea, amwambie yeye, kabla ya kuwatangazia walio mbali.