Nahodha Cook na Mti Wake

Katika kiwanja cha shule yetu hapa Kampala umesimama mti mrefu, mwembamba kama mlingoti, wenye matawi mafupi toka chini hata kileleni. Wengi wetu huuita msonobari, ingawa si msonobari hasa. Asili yake ni visiwa vya New Caledonia, katika Bahari ya Pasifiki, na huko hufika hata mita 60. Wazungu waliupa jina la Nahodha Cook.

James Cook alizaliwa Uingereza mwaka 1728, mtoto wa kibarua wa shamba. Karo yake ya shule ililipwa na bwana aliyemwajiri baba yake. Niliposoma hayo nilifunga kitabu kidogo, maana karo yangu nami hulipwa vivyo hivyo.

Ubaharia alijifunza katika merikebu za makaa ya mawe, na mwaka 1755 akaingia jeshi la majini, baharia wa kawaida tu. Hesabu na ramani alijifundisha. Mwaka 1768 akapewa merikebu Endeavour, akafika Tahiti, New Zealand na pwani ya mashariki ya Australia.

Katika safari ya pili, Septemba 1774, waliona kwa mbali vitu virefu vimesimama ufukoni mwa New Caledonia. Mabaharia wakasema ni miti. Wataalamu waliokuwamo wakashikilia kuwa ni nguzo za mawe. Basi wakawekeana dau! Waliposhuka wakaikuta miti, na maseremala wakakata michache kwa kazi ya merikebu. Lakini wenyeji walikuwa wakiijua tangu zamani, wala hawakuhitaji dau. Kwa maoni yangu jina lao ndilo lingetangulia.

Mwaka 1779, huko Hawaii, mashua yake iliibwa usiku. Asubuhi Cook akashuka na askari ili amchukue mfalme wa kisiwa awe rehani mpaka mashua irudishwe. Watu wakakataa, pakawa na vita ufukoni, naye akauawa tarehe 14 Februari. Mimi namsifu kwa mengi, ila hapo simtetei: mfalme hakamatwi mbele ya watu wake kwa ajili ya mashua.

Ni mwaka 2017 tu ndipo wataalamu walipoandika kwamba miti hii, popote ipandwapo, huinamia upande wa ikweta, na kadiri iwavyo mbali nayo ndivyo izidivyo kuinama. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Jumamosi iliyopita mwenzangu nami tulifunga jiwe kwenye uzi, tukaupima mti wetu. Kwa macho yetu, umenyoka.