Paul Harrington na chuma kilichovunjika mgongoni

Chukua waya, uukunje huku, uukunje kule. Ukizidi kurudia, unakatika. Fundi yeyote wa kuchomea vyuma pale Kisumu Ndogo, Malindi, anajua hilo. Paul Harrington alilijua kwa njia chungu zaidi, manake vyuma vyake vilikatikia ndani ya migongo ya watoto.

Jamaa alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1911. Alicheza mpira wa vikapu chuoni, akasomea udaktari, akahudumu jeshini kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kisha 1945 akahamia Houston, Texas. Wewe polio unaijua kwa yale matone uliyotiwa mdomoni utotoni. Yeye aliikuta imejaa wodini. Ugonjwa ulilegeza misuli ya mwili, upande mmoja kuliko mwingine, na mgongo ukapinda kama herufi S. Tiba ilikuwa kumfunga mtoto plasta ngumu kutoka kifuani hadi nyongani. Sasa mtoto ambaye hata kupumua ni shida, ukimbana kifua hivyo si unammaliza?

Harrington akaona heri mhimili uwekwe ndani. Alijaribu skrubu kwanza. Mgongo ulinyooka, halafu ukarudi ulivyokuwa. Akabuni ufito wa chuma cha pua wenye ndoano juu na chini, unaotanuliwa hatua kwa hatua kama jeki ya gari. Picha za eksrei zikapendeza. Lakini miezi ilipopita ndoano zikachomoka na fito zikavunjika. Mgongo husogea kila unapoinama, unapogeuka, hata unapokohoa. Chuma gani kitavumilia hayo miaka yote?

Hapa ndipo ninapomheshimu. Hakuwaficha walioharibikiwa. Aliwafuatilia, akabadilisha kifaa tena na tena, na mwisho akakubali kwamba chuma peke yake hakitoshi. Dawa yenyewe ilikuwepo kitambo: Russell Hibbs wa New York alianza kuunganisha pingili mwaka uleule wa 1911. Unakwangua pingili, unapanga vipande vya mfupa juu yake, na baada ya miezi zinaota kuwa mfupa mmoja. Kazi ya chuma ni kushikilia tu hadi mfupa ukomae. Ni mbio: mfupa ukichelewa, chuma kinakatika kwanza. John Moe, daktari wa Minnesota, naye aliishikilia sana hoja hiyo ya kuunganisha.

Mwaka 1962 Harrington alichapisha matokeo ya wagonjwa 129, na ufito wake ukaenea duniani.

Mambo yakawa poa? Si kabisa. Kiuno cha binadamu kina mbonyeo wake wa asili nyuma, na ndio unaokuwezesha kusimama wima bila kuchoka. Ufito ulionyoosha kila kitu uliubatilisha mbonyeo huo pale ulipofika chini kiunoni. Miaka baadaye baadhi ya wagonjwa walijikuta wanainamia mbele, wanakunja magoti ili wasimame, na maumivu juu yake. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wakaanza kuliandikia tatizo hilo.

Basi mtu aliyepasuliwa mgongo akianza kuumwa tena, daktari makini hakimbilii kisu. Anauliza: mfupa uliota kweli, au kuna mahali pameachana? Kuna maambukizi? Mwili umekaa sawa kutoka kichwani hadi nyongani? Palipoachana huongezwa mfupa na chuma kipya. Maambukizi huoshwa na kupewa antibayotiki. Aliyeinama huenda akakatwa kabari ya mfupa ili kiuno kirudishiwe mbonyeo wake, na hiyo si operesheni ndogo: mishipa ya fahamu iko hapo hapo.

Harrington alifariki 1980. Siku hizi hutumika skrubu zinazoshika pingili moja moja, na fito mbili zinazokunjwa kufuata umbo la mgongo. Ila wapo wazee wanaotembea hadi leo na ule ufito wake wa zamani, umefunikwa na mfupa ulioota vizuri.