Jimi Hendrix na karatasi ya dola moja

Mwaka 1993 mwandishi wa Kimarekani Lewis Shiner alitoa riwaya iitwayo Glimpses, ikashinda tuzo ya World Fantasy mwaka uliofuata. Ni hadithi ya kurudi nyuma kwa wakati. Fundi wa redio na kinasa sauti katika mji wa Austin, Texas, aliyefiwa na babake, anagundua kwamba akiuwaza muziki ambao haukuwahi kukamilika, muziki huo unatoka kwenye spika zake na anaweza kuurekodi. Mambo yanazidi, hata anajikuta amerudi yeye mwenyewe, mwili na roho, London ya mwaka 1970, akimtafuta mpiga gitaa Jimi Hendrix kabla hajafa, ili amalize albamu yake ya mwisho.

Hadithi za namna hii ni nyingi, na nyingine ni za kupoteza wakati tu. Hii imenikaa kwa sababu ya swali moja: mtu ukipewa nafasi ya kurudi, ungeshukia wapi? Shiner amechagua siku za mwisho. Mimi naona kachelewa miaka mitano.

Hendrix alizaliwa Seattle tarehe 27 Novemba 1942, akaitwa Johnny Allen. Babake, Al, alikuwa jeshini wakati wa vita, na aliporudi akambadilisha mtoto jina akawa James Marshall. Ile nyumba ilikuwa ya dhiki. Wazazi waliachana, na mamake, Lucille, akafariki mwaka 1958 kijana akiwa na miaka 15. Alianza na kigitaa kidogo kilichobakia na uzi mmoja. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na alipopata magitaa yaliyotengenezewa wa mkono wa kulia aliyageuza juu chini akayapiga hivyo hivyo.

Mwaka 1961 aliingia jeshini, kikosi cha 101 cha askari wa miavuli, kambi ikiwa Kentucky. Hakudumu. Alipotoka akawa mpiga gitaa wa nyuma kwa wakubwa, miongoni mwao Little Richard na Isley Brothers, katika kumbi za watu weusi. Mwenye jina anasimama mbele, yeye pembeni na ujira mdogo.

Basi tufike hapo ninapotaka. New York, tarehe 15 Oktoba 1965. Kijana wa miaka 22, mfukoni hana kitu, anawekewa karatasi mbele yake na mtayarishaji aitwaye Ed Chalpin. Mkataba wa miaka 3. Anachopata ni dola 1 na mrabaha wa asilimia 1. Akatia sahihi. Sitaki kumcheka, maana mwenye njaa hasomi herufi ndogo, na sisi huku tunawajua watu waliouza mashamba kwa dole gumba.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1966, Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya The Animals, alimchukua hadi London. Chandler alikuwa na vitabu vingi vya hadithi za kubuni za kisayansi, na Hendrix akavisoma kwa uchu. Utauona usomaji huo katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1967, ambamo wimbo Third Stone from the Sun unamhusu mgeni wa kutoka anga za mbali anayeitazama dunia yetu. Kwa hivyo wanaoandika hadithi hizo wakimtia ndani hawajamteka mtu baki. Alikuwa msomaji wao.

Mambo ya Monterey na Woodstock wengi wanayajua, na gitaa alilolichoma moto limeshazungumzwa vya kutosha. Lisilozungumzwa sana ni kwamba alipopata jina tu, ile karatasi ya dola moja ikaibuka. Kesi zikafuata. Katika suluhu, ikabidi atoe albamu nzima kulipa deni: ndiyo Band of Gypsys, iliyorekodiwa jukwaani New York mwaka mpya wa 1970 ukiingia, ikapewa kampuni ya Capitol iliyokuwa upande wa Chalpin.

Wakati huohuo alikuwa akijenga studio yake, Electric Lady, hapo New York, kwa gharama kubwa na mkopo. Alichoka kulipia studio za watu. Ilifunguliwa tarehe 26 Agosti 1970, naye akaondoka mara moja kwenda kupiga muziki Ulaya. Siku 23 baadaye, tarehe 18 Septemba, akafa London, akiwa na miaka 27. Alimeza vidonge vingi vya usingizi, akapaliwa na matapishi. Mchunguzi wa vifo hakuamua kama ni ajali au ni kusudi.

Wasia hakuacha. Mrithi akawa Al, mzee aliyekuwa akitunza bustani za watu Seattle. Usimamizi wa mali ukaingia mikononi mwa mwanasheria, nyimbo zikatoka moja baada ya nyingine, na haki zenyewe zikawa mbali na familia. Mzee alifungua kesi mwaka 1993, mwaka uleule wa riwaya ya Shiner, na haki zikarudi mwaka 1995. Robo karne nzima. Huko kwenye riwaya, mtoto anahangaika na kifo cha babake. Huku duniani, baba ndiye aliyehangaikia jasho la mtoto aliyemzika.

Albamu ambayo fundi wa Austin alirudi nyuma kuitafuta, First Rays of the New Rising Sun, hatimaye ilikusanywa kutoka kwenye kanda zilizobaki, ikatolewa na familia mwaka 1997. Angesubiri miaka minne tu, angeinunua dukani.