Tirpitz: Mjenzi wa manowari za Ujerumani aliyewaachia wapagazi mzigo

NDANI ya Fort Jesus, Mombasa, umo mzinga wa Kijerumani ambao watalii huupiga picha na kwenda zao. Ni mzinga wa baharini, uliotoka katika manowari Königsberg. Jinsi mzinga wa meli ulivyoishia kuvutwa nchi kavu kwa kamba na mabega ya watu ni kisa kinachoanzia mbali sana na Bahari Hindi, mezani pa Admirali Alfred von Tirpitz mjini Berlin.

Tirpitz alizaliwa Machi 19, 1849 huko Küstrin, mji ambao leo uko Poland, akiwa mwana wa mwanasheria. Alijiunga na jeshi la majini la Prussia mwaka 1865, wakati jeshi hilo lilikuwa dogo na halikutiliwa maanani na mtu. Kuanzia mwaka 1877 alikabidhiwa kazi ya topido, lile kombora liendalo chini ya maji. Kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo hakulisahau maishani: kwamba tundu moja chini ya mkondo wa maji laweza kuizamisha meli iliyogharimu mamilioni.

Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa mahesabu na siasa, mwenye ndevu zilizogawanyika pande mbili na subira ya mvuvi. Mwezi Juni 1897, Kaisari Wilhelm II alimteua kuwa mkuu wa Ofisi ya Majini ya Dola, na papo hapo Tirpitz akaandika waraka wa siri. Hoja yake ilikuwa kwamba adui wa hatari zaidi baharini ni Uingereza, na kwamba Ujerumani isitapanye meli zake katika bahari za mbali. Ijenge manowari kubwa zitakazopigana baina ya kisiwa cha Heligoland na mlango wa mto Thames. Zikiwa nyingi vya kutosha, Mwingereza ataogopa kuzishambulia kwa kuhofia kubaki dhaifu mbele ya mataifa mengine.

Bunge lilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1898, ikiweka idadi ya manowari kubwa kuwa 19. Miaka miwili baadaye idadi hiyo iliongezwa hadi 38. Ujanja ulikuwa kwamba sheria yenyewe ilitaja umri wa kila meli, hivyo iliyozeeka ilipaswa kupewa mrithi. Wabunge walikuwa wamejifunga mikono wenyewe. Mwaka huo wa 1900 Kaisari akampa Tirpitz cheo cha ukabaila, ndipo jina lake likapata ile von.

Hapo ndipo kazi ya kusanifu ilipoanza kwa dhati. Kusanifu manowari ni kugawa uzito. Tani ukiipa mizinga, umeinyima ngao. Ukiipa injini ili meli iende kasi, umewanyima vyote viwili. Waingereza walipenda mzinga mkubwa na mwendo. Tirpitz alishikilia kwamba sifa ya kwanza ya meli ni kuendelea kuelea. Kwa hiyo manowari zake zilikuwa pana, zenye ngao nene, na matumbo yaliyogawanywa vyumba vingi visivyopitisha maji.

Mwaka 1906 Uingereza ilizindua Dreadnought, yenye mizinga mikubwa 10 ya sentimita 30.5, na ghafla manowari zote za awali zikawa za kizamani. Jibu la Tirpitz lilikuwa Nassau, iliyoshushwa majini mwaka 1908, ikiwa na mizinga 12 ya sentimita 28 tu na ngao iliyofikia takriban sentimita 30. Lakini meli ilikuwa imenenepa kupita mfereji wa Kiel, njia ya mkato kati ya bahari mbili za Ujerumani. Ikabidi mfereji wenyewe upanuliwe kuanzia mwaka 1907, na kazi hiyo ilikamilika Juni 1914, wiki chache kabla ya vita.

Kero yake kubwa ilikuwa Kaisari mwenyewe. Wilhelm alipenda kuchora meli. Alibuni manowari zenye kila kitu, ngao, mizinga na kasi, kisha akazituma ofisini zichunguzwe. Wasanifu walilazimika kuzipigia hesabu meli hizo za ndoto na kueleza kwa adabu kwa nini haziwezekani. Nani angemwambia mfalme kwamba mchoro wake utazama?

Katika mipango hiyo yote, Afrika Mashariki haikuwa na nafasi. Vita vilipoanza Agosti 1914, meli pekee ya maana ya Kijerumani katika pwani yetu ilikuwa Königsberg, meli nyepesi yenye mizinga 10 ya sentimita 10.5, ambayo wenyeji waliiita manowari ya bomba tatu. Iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mnamo Septemba 20, kisha, makaa ya mawe yakiwa adimu na injini ikihitaji matengenezo, ikajificha katika delta ya Rufiji. Waliokuja kuimaliza, Julai 1915, walikuwa Severn na Mersey, meli fupi za kina kidogo zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil.

Mabaharia waliitoa mizinga yote majini, wakaiwekea magurudumu, na jeshi la Lettow-Vorbeck likaitumia vitani. Nguvu za kuivuta zilikuwa za Waafrika. Upande wa Waingereza nao, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, wakiwemo vijana wengi waliotolewa vijijini Kenya.

Manowari kubwa za Tirpitz zilipambana na Waingereza kwa wingi mara moja tu, huko Jutland, Mei 31, 1916. Kwa kusanifiwa, zilimthibitishia alichoamini: Seydlitz ilipigwa makombora zaidi ya 20 na topido moja, ikarudi nyumbani ikiwa imejaa maji. Kwa siasa, zilishindwa, kwani hazikuzuia vita wala kuvunja kizuizi cha Waingereza. Yeye alikwisha kujiuzulu Machi mwaka huo. Aliingia katika siasa za mrengo wa kulia, akawa mbunge kuanzia 1924 hadi 1928, na kufariki Machi 6, 1930. Manowari iliyopewa jina lake ilipinduliwa na mabomu ya Waingereza huko Norway mnamo Novemba 1944, miezi miwili baada ya mkwewe, Ulrich von Hassell, kunyongwa kwa kula njama dhidi ya Hitler.

Mwaka 1928, Tirpitz akiwa angali hai, sanamu za shaba zilisimamishwa Nairobi. Mkazi wa Kilimani anayeshuka mjini kwa barabara ya Valley huzikuta Kenyatta Avenue: askari, na pamoja nao mpagazi. Jina la mpagazi hata mmoja halikuandikwa.